Hakuna Aliyezuiwa

Vincent Halsall alikuwa na kipaji kimoja: kumwambia mtu asimame, na mtu akasimama huku anacheka. Usikidharau. Mimi nimefanya naye kazi hapa Liverpool miaka tisa, kazi ya kuzuia watu wasikatize mbele ya kamera, na mpaka leo watu wananifokea. Wiki yangu ya kwanza bibi mmoja aliniuliza nimetumwa na Malkia au nimejituma. Vinnie, ndivyo tulivyomwita, angemwambia, "Mama, dakika mbili tu. Ukipita na nywele hizo, mwigizaji wetu mkuu atarudi kwao kwa wivu," na bibi yule angesimama dakika kumi bila kununa.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye maghala ya bandarini, mpaka mgongo ukamkatalia. Akakaa nyumbani miaka miwili akimchosha mkewe, Pauline. Kisha filamu zikamiminika mjini. Mji wetu wiki hii ni London, wiki ijayo ni New York, na mwaka mmoja tuliwahi kuwa Moscow, theluji ya karatasi ikaziba mifereji ya maji hadi Pasaka. Watu wa filamu walihitaji wenyeji wa kusimama kwenye kona, na Vinnie akapewa koti la njano na redio kol. Pauline alisema mumewe aliota ujana upya siku ile.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu wa filamu hawapendi lisemwe: sisi hatuna mamlaka yoyote. Magari, sawa, kibali cha halmashauri kipo. Lakini mtu anayekwenda kwa miguu yake hakuna wa kumzuia. Tunamwomba tu. Akisema "napita", anapita, na mwongozaji na farasi wake watajua wenyewe. Lakini nani anasema napita? Watu wa hapa wakiona koti la njano wanasimama, tena wanakuomba radhi kwa kukusumbua. Vinnie alijisifu kwamba ni mtu mmoja tu aliyewahi kumpita, mwanamke mwenye mbwa, na hata huyo, alidai, alivutwa na mbwa.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumanne ya Novemba, Mtaa wa Hanmer. Tulikuwa London ya mwaka hamsini na mbili. Madishi ya televisheni yameng'olewa, mistari ya njano ya barabarani imefunikwa kwa mikeka ya mpira, mkokoteni wa makaa umesimama na farasi wake. Wiki mbili kabla, ni mimi niliyepita nyumba kwa nyumba na barua za kuomba ridhaa. Namba thelathini na moja alinifungulia Bernadette Tierney, mwalimu mstaafu, mwanamke mkavu mwenye aproni safi. Akaniambia mama yake, Kathleen, yuko ghorofani chumba cha mbele, mapafu yamechoka, daktari hategemei afike Krismasi.

"Lakini msijali," akasema. "Hatutawasumbua."

Mama yake anakufa, na yeye ananihakikishia hawatatusumbua! Niliandika kwenye fomu: mgonjwa, nesi huja saa tatu asubuhi. Nikaandika jina la nesi, ili aruhusiwe kupita. Sikuandika jina lingine kwa sababu sikuuliza kama kuna mwingine.

Alikuwepo. Gerard, mdogo wake Bernadette, dereva wa basi. Asubuhi ile dada yake alimpigia simu kituoni akamwambia njoo sasa hivi. Akaliacha basi lake kwa mwenzake, akaja kwa miguu, upesi upesi, na sare yake ya kazi. Saa tano kasoro akatokea upande wa juu wa mtaa, upande wa Vinnie. Mimi nilikuwa upande wa chini.

"Kaka, nipe dakika mbili," Vinnie akamwambia. "Farasi wangu ni mwoga."

"Nilikuwa naenda thelathini na moja."

"Haiendi mahali. Ipo pale tangu enzi za babu yangu."

Gerard akacheka kidogo, akasimama. Hakusema mama yangu anakufa. Vinnie naye, tofauti na mazoea yake, akaona kitu usoni mwa mtu yule, akanipigia redio. "Ida, nina mmoja huku juu, anakwenda thelathini na moja. Nimpitishe pembeni, ukutani?"

Nilijua thelathini na moja kuna nini. Mlango ule niliugonga kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini msaidizi wa mwongozaji alikuwa kando yangu, kidole juu, farasi ameshaanza kutembea, na mie sikutaka kuwa mwenyeji aliyeharibu picha.

Nikajibu, "Mshikilie."

Farasi akakosea. Wakarudia. Akakosea tena. Mara ya tatu mkokoteni ukapanda kwenye kingo, mara ya nne ndipo akaenda kama walivyotaka. Zilikuwa dakika kumi na moja. Vinnie hakuweza kumwona mtu akisimama kwenye baridi mikono mitupu, hivyo alimwita mtu wa gari la chakula akamletea Gerard kikombe cha chai na mkate wa bekoni. Wakazungumza habari za Everton, jinsi walivyofungwa Jumamosi. Gerard aliula mkate wote. Walipotamka "kata", akafuta vidole, akashukuru kwa chai, akashuka mtaani. Bernadette alifungua mlango kabla hajagonga. Nilikuwa mbali, lakini nilimwona anatikisa kichwa.

Kathleen Tierney alikuwa ameshakata roho. Muda ule ule mwanawe ana mkate mdomoni.

Habari zilitufikia mchana ule ule. Vinnie alivua koti akakaa juu ya kasha la nyaya, hakula. Nilimwambia, "Hukujua." Akasema, "Nilimuuliza timu yake, Ida. Nilimuuliza kila kitu isipokuwa anakwenda kufanya nini." Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu zake.

Baada ya siku tatu, mama yake hajazikwa bado, Bernadette aliandika barua kwa kampuni. Hakudai chochote. Aliuliza swali moja: mdogo wake, Gerard, anasema alizuiwa barabarani, je, ni kweli? Bosi wetu wa maeneo ya kupigia picha, Imogen, msichana wa London mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, alituita kwenye gari lake.

"Vinnie, ulimzuia?"

"Nilimwomba asubiri."

"Kwa hiyo angetaka kupita, angepita?"

Miaka miwili ya kukaa nyumbani ilikuwa inampitia Vinnie kichwani, hilo nililiona. "Angepita," akasema.

"Kwa hiyo hukumzuia." Akaandika. "Ida, wewe ulisikia lolote kwenye redio?"

"Kelele tu," nikasema.

Barua ikaenda: kampuni inatoa pole nyingi kwa msiba, na baada ya uchunguzi imejiridhisha kwamba hakuna mwananchi yeyote aliyezuiwa kupita. Neno kwa neno ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mtupu. Maana Bernadette akiisoma ataelewa nini? Kwamba mdogo wake alisimama kwa hiari yake, anakula, mama yao anakata roho hatua themanini kutoka hapo.

Ndivyo alivyoelewa. Kwenye mazishi Gerard alikaa benchi la kulia, dada yake la kushoto, na padri akawasalimia mmoja mmoja. Vinnie alikwenda, akakaa nyuma kabisa. Mimi nilisema nina kazi.

Tangu hapo kipaji kikamtoka. Mtu akija kwenye kona yake anamuuliza, "Unakwenda wapi? Kuna mgonjwa? Pita, pita." Aliwapitisha watu katikati ya picha, akampitisha mtu wa posta, akapitisha harusi nzima. Imogen akampigia kelele mbele yetu. Pauline akaniambia mumewe haingii jikoni yeye anapokaanga bekoni, anatoka nje kusimama uani na mvua yote. Nilimtania, "Vinnie, umekuwa mlinzi wa mlango uliovunjika." Hakucheka. Nilimtania kwa sababu nilitaka anitukane, nipate nafuu.

Mwezi Aprili alipanda basi kwenda mjini, na dereva alikuwa Gerard Tierney. Wakatambuana. Vinnie alitaka kushuka, watu wako nyuma yake, ikabidi akae. Kituo cha mwisho wote walipokwisha kushuka, Gerard alizima injini.

Vinnie alinisimulia mwenyewe. Gerard hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililommaliza. Akasema dada yake ameiweka ile barua nyuma ya saa, hasemi naye, hapokei simu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Naomba unisaidie jambo moja. Ulinizuia, au hukunizuia? Maana mimi mwenyewe sasa sijui."

"Mbona hukuniambia mama yako ana hali gani?"

"Mlikuwa wengi. Na farasi. Sikutaka kuwaharibia."

Jioni Vinnie akaja kwangu, amevaa suti ya mazishi. "Kesho nakwenda kwa Bernadette," akasema. "Utanisindikiza, au nawe una kazi?" Nilikwenda. Siwezi kusema nilikwenda kwa ushujaa. Niliogopa atasema nini nisipokuwepo.

Bernadette alitukaribisha jikoni, akatupa chai na keki ya limau kana kwamba tumekuja kwa heri. Barua ilikuwa pale pale nyuma ya saa, ncha yake inaonekana. Vinnie hakugusa kikombe.

"Mama," akasema, "hiyo barua ni ya uongo, na uongo ni wangu. Nilimzuia mdogo wako. Dakika kumi na moja. Chai na mkate nilimpa mimi, hakuomba. Nilipoulizwa nikaogopa kupoteza kazi, nikasema angeweza kupita. Kazi nimeiacha jana. Sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja usimlaumu yeye."

Bernadette alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakikunjua.

"Alikuambia mama anakufa?"

"Hapana."

"Alikuomba kupita?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini alisimama?"

"Kwa sababu nilimwomba vizuri," Vinnie akasema.

Nilidhani atatufukuza. Ningefurahi atufukuze. Badala yake akavuta kiti akakaa, akawa anaongea akiitazama keki.

"Asubuhi ile alikuja msichana wenu mwenye vidude masikioni. Akaniomba pazia la mbele lisiguswe, dirisha letu liko kwenye picha. Nikamwambia sawa, hatutawasumbua. Mama alikuwa anauliza, Gerard amefika? Gerard amefika? Nikasogeza pazia, kidole kimoja tu. Nikamwona. Kule juu kabisa, amesimama na kikombe. Dirisha lile linafunguka. Ningemwita jina lake mara moja tu, angekuja mbio, Gerard hajawahi kunibishia tangu utoto. Nikasema moyoni, watamaliza sasa hivi. Nikaliachia pazia. Nikamwambia mama, anakuja."

Akaitazama ncha ya barua nyuma ya saa.

"Nilipopata barua yenu nilifurahi," akasema. "Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata wa kumtupia lawama."

Analia, lakini hatoi sauti, machozi yanaanguka tu kwenye aproni. Vinnie akanyanyuka akaichukua simu ya ukutani, akampa. "Si mimi wa kuambiwa hayo, mama," akamwambia. Bernadette aliishika muda mrefu mpaka ikaanza kulia mlio wa kutopigwa. Akakata, akaanza upya, akabonyeza namba bila kuitazama.

"Gerard," akasema. "Ni mimi. Usikate. Nilikuona. Nilikuona umesimama pale, sikukuita."

Jibu hatukulisikia. Lakini hakukata.

Tulikaa pale jikoni, sisi wawili, wageni wa msiba wa watu, Bernadette ametugeuzia mgongo anasikiliza simu. Kila mtu alikuwa amelitua lake. Gerard kwenye basi, Vinnie mezani, Bernadette kwenye simu. Ilikuwa zamu yangu, na zamu ilikuwa nyepesi, neno moja tu nililosema kwenye redio, mimi pekee mtaa mzima niliyekuwa najua kuna nini ndani ya nyumba ile. Vinnie aliuliza. Aliniuliza mimi.

Vinnie alinitazama. Alisubiri, kwa upole, kama alivyosubiri na watu maisha yake yote. Kisha akatazama pembeni, na hakunitaja, wala siku ile wala baadaye.

Bernadette alipomaliza aligeuka, macho mekundu, akaniuliza kama nitaongezewa chai.

Nikasema ndiyo, tafadhali.