Kamba Niliyoifunga Mimi

Mashine yetu ya kukata nyasi pale kazini Edmonton, Kanada, ilikuwa ikitembea yenyewe, na ukiachia kile chuma cha kwenye mpini, injini ilikuwa inazimika. Vidole vilikuwa vinaniuma kwa kukibana, nikakifunga kwa kamba ili injini isizimike. Mwenzangu Mkongomani akacheka, "Ndugu, umeshazeeka!" Akaipokea mashine. Alipoivuta kinyumenyume kwenye nyasi mbichi aliteleza, mguu ukaingia chini ya mashine. Aliachia mpini, lakini kisu cha mashine kikaendelea kuzunguka.

Alipoteza vidole viwili vya mguu. Hospitalini aliniambia, "Kamba hata mimi niliiona." Ni kweli aliiona, ila sijui kama hilo linanipunguzia lawama. Aliyeifunga ni mimi. Siku hizi nikiachia chuma injini inanyamaza mara moja, lakini mimi bado naisikia ikinguruma.