Noélie na Mapipa ya Marehemu

Huko Marcillac mizabibu imeng'ang'ania mlimani, na kila mvua ikinyesha, udongo mwekundu huporomoka hadi chini. Lazima mtu aurudishe. Kwenye shamba la Firmin, mtu huyo alikuwa mkewe, Noélie. Tangu alipokuwa bibi harusi mpaka mvi zikamjaa kichwani, alijaza kapu, akalibeba mgongoni, akapanda nalo. Mgongo ukapinda. Lakini ghala la divai hakuwahi kulikanyaga hata siku moja. Mwanamke akiingia, walisema, divai inachacha. Jamani, udongo wake mbona haukuchacha?

Firmin akafa ghafla, divai ya vuli ile bado iko kwenye mapipa. Kwao mwenye nyumba akifa, mapipa huarifiwa kabla ya mazishi: unayagonga moja moja, unayaambia bwana wenu hayupo, na sasa bwana wenu ni fulani. Yasipoambiwa, divai inaharibika. Na atakayetajwa mbele ya mapipa, shamba ni lake, hakuna wa kubisha. Watoto hawakujaliwa, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwa Urbain, mdogo wa marehemu.

"Nipe ufunguo, shemeji," Urbain alisema, maiti bado iko kitandani. "Wewe pumzika, umechoka."

"Nimechoka kweli. Lakini aliyekufa ni mume wangu."

"Utaichachusha yote! Kazi yake ya mwisho nayo unataka kuimwaga?"

Maneno hayo yalimchoma, maana naye aliamini nusu nusu. Hata hivyo akachukua ufunguo, akashuka ghalani. Akagonga pipa la kwanza.

"Firmin amekufa."

Tangu asubuhi hakuwa ametamka neno hilo. Machozi yakambubujika, na kila pipa akalirudia, ikawa kama anamzika upya. Kwenye pipa la mwisho akajifuta uso.

"Sasa bwana wenu ni mimi."

Mlangoni Urbain akaguna. "Haya. Tutaionja Pasaka."

Pasaka ikafika, majirani wakajaa. Urbain akawa wa kwanza kuonja. Akaizungusha mdomoni weee, akitafuta uchachu. Akaweka gilasi chini.

"Ni ya Firmin," alisema taratibu. "Haina kasoro."

Noélie akanywa yake yote, akalia bila kujificha. Kisha akaenda kibandani, akarudi na makapu mawili.

"Jana mvua ilinyesha, shemeji," alisema, akimpa moja. "Udongo uko chini."