Germaine na ubao wa foni

Asubuhi ya mwisho ya siku za kawaida, muzee Lombe alibeba betri kwa bega mupaka ku chumba cha foni, ile redio ya kutuma maneno, hapa Kashikishi. Muke wake Germaine alikuwa amekwisha kufuta ubao.

"Ulikunywa chai?"

"Bado."

"Kunywa basi. Betri haitakimbia."

Ni hayo tu. Muchana damu ikamupanda Germaine, akafa. Wakamuzika siku ya pili.

Germaine alitumikia wachuuzi wa samaki. Foni zao zilikuwa na nguvu kidogo, kwa hiyo ujumbe wa mbali ulipita kituo kwa kituo. Patron wao, mwenye foni, alikuwa ameandika njia ku karatasi: Pweto, pitia Kilwa. Kilwa ikinyamaza, maneno yanakufia njiani. Germaine akabandua ile karatasi. Akawazoeza wote: kila asubuhi, kila kituo kitaje wale kinasikia. Yeye anaandika kwa chaki. Asiyeitika mara tatu anafutwa, njia ingine inatafutwa.

Mwaka wa 1998 Lombe alikuwa Pweto. Angerudi kisha misa, ndani ya mashua ya muchuuzi mumoja, Ghislain. Asubuhi ile Germaine akasikia kama wenye bunduki wananyanganya mashua njiani. Akaita Kilwa. Kimya. Ku ubao, Patson wa Chienge alikuwa amesema anafika Pweto. Akamupa ujumbe: Lombe asipande mashua.

Kisha kidogo, sauti ya Patson: "Ba mayo Germaine, niko na ujumbe wa Pweto. Uupeleke."

"Patson! Si ule nimekupa miye?"

"Ee. Lakini miye nafika Pweto kwa kupitia kwako. Jana ulisema unawafikia kwa Kilwa."

"Na leo, umewasikia kwa masikio yako?"

"Hapana, ba mayo. Nilisikia haya kusema sina mutu."

"Haya yako itaniletea kilio!"

Akafuta ile njia ya Patson ku ubao. Akaita wote: "Nani anasikia Pweto leo, si jana?"

Brigitte wa Lukonzolwa akaitika: "Miye. Hata kukohoa kwa mutu wao wa foni nakusikia."

Ujumbe ukapita kwake. Misa ilikuwa imekwisha. Mutu wa foni wa Pweto akakimbia mupaka ku maji, akipiga kelele. Lombe alikuwa na muguu moja ndani ya mashua.

Akautoa.

Alirudi kwa barabara, kisha siku kumi na moja. Akamukuta muke wake ku foni. Akabeba betri, na tangu siku ile hakuacha mutu mwingine aibebe. Mwaka muzima na miezi mbili aliibeba. Mungu hakuwa na lazima ya kumupa hata siku moja ya hizo.

Lombe hajui kusoma. Ku kilio cha Germaine, Patson alitoka Chienge, akaketi naye, akamuambia maneno Germaine aliambia vituo vyote kesho yake ya ile siku ya mashua. Lombe akamuomba ayarudilie mara tatu, apate kuyashika kichwani:

"Habari nilikupa miye, usinirudishie sawa vile ni yako. Na kama husikii mutu, sema husikii. Hakuna haya. Tutatafuta mwenye kusikia."