Farasi Asiyecheua

Enzi za Mjerumani, mume wangu, muuza nguo na chumvi mwenye asili ya Pwani, alinunua farasi kwa msafiri. Akamfunga nyuma ya duka letu pale Kanoni, kisha akaenda Nyakatuntu kununua buni. Aliniagiza nimkinge farasi na mbung'o. Mimi, binti wa wafugaji, nifundishwe kutunza mnyama!

Nikamwita kaka yangu. Alichuchumaa mbele ya farasi asubuhi nzima akimtazama mdomo. Jua lilipofika utosini akainuka, uso umemshuka. "Dada, huyu mnyama hacheui."

Moyo ukanipiga paa. Kwetu, ng'ombe aliyeacha kucheua ni wa kuombolezwa. Tukakoka moto wa samadi, moshi ukatanda mpaka dukani. Tukampaka samli mgongo mzima, tukamnywesha maji ya chumvi, tena ile chumvi nyeupe ya wateja wakubwa, na kaka akamwimbia sifa za fahali wa baba. Majirani nao wakaja na samli zao, kila mmoja tabibu. Farasi akameremeta kama bibi harusi, hana hata inzi mmoja. Lakini kucheua, wapi!

Mume wangu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, farasi hacheui. Hata punda wa kwetu Pwani hawacheui."

Kaka akamtazama kwa huruma. "Na punda nao? Maskini! Kumbe ukoo mzima ni wagonjwa."

Akaenda kuongeza samadi motoni.