Nilimtafsiri mwanamke wa kwenye picha, nikampoteza wa kwangu

Salaam wakuu.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu picha za zamani, zile za sinema, kwamba wanawake kupigwa mle yalikuwa mapenzi au ukatili. Na mimi nina langu. Sitaongeza chumvi, chumvi yangu niliimaliza miaka ile.

Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, deki za video zilipoanza kuingia Itigi, kulikuwa na banda la video karibu na stesheni. Mtafsiri nilikuwa mimi. Nasimama kando ya TV, wazungu wanaongea, naweka Kiswahili.

English yangu ilikuwa ya darasa la saba. Nisipoelewa, natunga. Watu hawakujali, mradi wacheke. (Msinicheke, mtaani nilikuwa staa kweli.)

Nilikuwa na mchumba, Rehema, akiuza asali kwa abiria wa treni. Mahari ilishapelekwa kwao Manyoni. Jumapili moja mchana nikamwalika aje anione kazini. Alikaa nyuma, mwanamke pekee mle.

Ilikuwa picha ya black and white. Steringi anagombana na mke wake, anamzaba makofi mawili. Mama wa watu anaangukia kiti, kisha anamkumbatia mumewe.

Hapo nikatafsiri kwa sauti nyembamba, "Nisamehe mume wangu, nilijitakia mwenyewe."

Banda zima likalipuka kwa vicheko na makofi. Nikajisikia mfalme.

Tulipotoka nikavuka reli na Rehema. Akaniuliza kama yule mama alisema vile kweli. Nikamwambia sijui, nilikuwa nimegeukia watu, sikumsikia.

"Basi aliyesema ni wewe," akasema. "Mimi nilikuwa namwangalia macho. Yule alikuwa anaogopa."

Nikamwambia ni picha tu, watu wanapenda hivyo.

"Na wewe unapenda?"

Wakuu, nilicheka. Sikuwahi kumpiga na sikuwaza kumpiga, lakini swali lile nililijibu kwa kicheko.

Wiki hiyo hiyo shangazi yake alikuja nyumbani kwetu kwa heshima zote, akasema binti amekataa, mahari itarudi. Wazee wangu waliuliza kosa langu. Ningeanzaje, kwamba nimeachwa kwa sababu ya picha?

Nikaacha kutafsiri. Sikuoa tena, na sisemi ni kwa ajili yake tu, ila jioni huwa nakula mwenyewe.

Mwaka jana nikaikuta ile picha kwenye simu, ina maandishi ya maneno yao chini. Nikasogeza mpaka pale kwenye makofi, nikasubiri nisome alichosema.

Hakusema neno. Anamkumbatia mwanaume, macho yake yako mlangoni.

Nimejifunza kwamba mtu akinyamaza, usimsemee, hasa kama maneno yenyewe yanakufurahisha wewe.

Mliokaa kwenye mabanda yale, wanawake walipopigwa mlicheka au mlinyamaza? Andikeni tu, hata matusi. Niko peke yangu hapa, nitasoma zote.