Valvu Niliyoifungua kwa Hasira

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha nguo, hapa Thika, injinia alinisimamisha mbele ya boila akanionyesha bomba lililopeleka mvuke chumba cha kutia rangi. "Mvuke ukipoa kwenye bomba unakuwa maji," akasema. "Toa maji kwanza, halafu fungua valvu polepole. Ukiharakisha, hayo maji yatagonga kama nyundo."

Nilishika hilo miaka mingi, hata nikafanywa msimamizi wa zamu na kumwingiza kazini mdogo wangu, Kariuki. Jumatatu moja, bomba likiwa baridi, mkuu wa rangi alikuja akifoka. "Njoroge, vitambaa vinangoja mvuke ama vinangoja umalize chai?"

Watu wakacheka. Nikafungua valvu yote bila kutoa maji. Bomba likagonga mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kiungo cha bomba kikaachia, mvuke ukafoka. Kariuki alikuwa chini yake. Mkono wake wa kulia uliungua hadi begani, ukakatwa.

Injinia aliuliza ni nani aliyefungua. Nikasema ni Kariuki, na waliocheka hawakuthubutu kumpinga msimamizi. Alifutwa kazi angali hospitalini.

Nilihamia kiwanda cha Ruiru, nikapanda hadi mkuu wa boila, nikajenga nyumba ya mawe Gatongora. Kwetu Gatuanyaga nilirudi mara moja tu, kumzika mama, nikaondoka kabla ya chakula. Kanisani walinichagua mzee wa kanisa, lakini kila Jumapili ya Meza ya Bwana nilipata sababu ya kukaa nje.

Nilipostaafu, pasta alinifuata huko nje. "Mzee, tukishiriki wewe huwa unalinda gari la nani?"

Nikamwambia yote. Hakuniombea. "Hayo si ya kuniambia mimi. Nenda kwa ndugu yako kwanza."

Nilimkuta Kariuki huko Gatuanyaga akikatia ng'ombe majani kwa mkono wa kushoto. Hakuinuka.

"Umekuja kuona kama nimeota mkono mwingine?"

"Nimekuja kusema mimi ndiye niliyefungua ile valvu. Nikakusingizia. Nisamehe."

"Kwani sikuwa pale?" Panga likasimama. Niliangalia lango, nikijua ni haki yake kunifukuza. "Nilikusamehe zamani," akasema. "Nilimlilia Mungu anisaidie, maana peke yangu nilishindwa. Nilichongoja ni uje." Akageukia nyumba. "Njoroge, letea baba yako mkubwa kiti."

Akatoka kijana mwenye ndevu. Ni mwanawe wa tatu, aliyezaliwa baada ya ile ajali. Kwa desturi yetu, mvulana wa tatu hupewa jina la kaka mkubwa wa baba yake. Nilidhani jina langu wangeliruka.

Wanaoanza kazi sasa huniuliza kama nilipata nyumba kutokana na boila. Nilipata. Lakini miaka yote niliyoogopa lile lango, ndani yake kulikuwa na mtu akiitwa Njoroge aje kula.