Msichana wa Kitovuni

Tangu arushwe hadi darasa la hesabu za juu, msichana mdogo kuliko wote ndiye hushika kitovu. Wakichora duara uani, yeye huchutama katikati kama kigingi, amebana ncha ya kamba kwa vidole gumba vyote viwili, na wenzake humzunguka na chaki wakicheka mambo yao.

“We Kisoda, usitikisike, duara litapinda!”

Hatikisiki. Anatumaini siku moja watamwita upande wa chaki.

Leo, wakiwa uani wanachora, mwalimu aliuliza nusu kipenyo ni nini.

“Ni umbali wangu na kila mmoja wao,” akajibu kwa sauti ndogo. “Hauzidi, haupungui.”

Kicheko kikakatika. Mwenye chaki akaivuta kamba taratibu, kumwita. Msichana akainama, akaibana zaidi, akidhani anapimwa kama atatikisika.